Sukuma Wiki za Munyiva, Mwaka wa Mvua Kubwa

Mwaka wa 1997 Munyiva alipanda sukuma wiki mara mbili kabla ya mvua kuanza, na mara ya pili nusura ivunje nyumba.

Aliishi karibu na Mitaboni na mama mkwe wake, Kasyoka. Mumewe, Muthoka, alikuwa akishona nguo kiwandani Athi River, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mboga za kula na za kuuza sokoni zilitoka kwenye kipande cha shamba kando ya mto, ambao karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu. Ukitaka maji unachimba shimo, unangoja yajae, unachota. Kasyoka alilima hapo tangu alipoolewa. Mwezi wa tisa waliatika mbegu kitaluni, na mwezi wa kumi wakahamisha miche ili mvua ya vuli iikute imeshika mizizi.

Mwaka huo redio ilikuwa ikisema mvua itapita kiasi. Sokoni watu walicheka, maana vumbi lilikuwa limejaa hadi kwenye kope. Munyiva hakucheka. Siku moja akichota maji aliona matawi makavu yamekwama kwenye mti wa ukingoni, juu kuliko kichwa chake.

"Mwaitu," alimwita mama mkwe, kama mtu anavyomwita mamake, "hii takataka ililetwa na nini huko juu?"

"Maji."

"Lini?"

"Muthoka alikuwa bado ananyonya."

"Na shamba?"

"Lilienda. Likarudi." Kasyoka aliendelea kupalilia.

Tangu hapo Munyiva hakutulia. Akipika alisikia mto ambao haukuwepo. Alimwomba Kasyoka wahamishie mboga shamba la juu, nyuma ya nyumba.

"Huko juu utanyunyizia na nini? Machozi?"

Alhamisi moja Kasyoka alipokwenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, Munyiva alishuka, akang'oa nusu ya sukuma wiki, akaipandisha juu kwa karai na kuipanda upya. Jua halikumhurumia. Alipandisha maji kutoka mtoni asubuhi na jioni, akaufunika kila mche kwa matawi, lakini majani yalilala chini kama matambara. Mingi ilikufa.

Kasyoka hakumgombeza. Alianza tu kujipikia chakula chake peke yake, na hilo lilimuuma Munyiva kuliko matusi. Je, kama mvua yenyewe haiji? Ameharibu chakula cha nyumba nzima kwa sababu ya maneno ya redio. Bado aliatika mbegu zilizobaki, huko huko juu.

Mvua ilikuja, tena kwa upole. Bustani ya mtoni ikashamiri, kabichi zilizopandwa kando ya sukuma wiki zikaanza kufunga vichwa, na Kasyoka akawa anapita karibu na kitalu cha juu bila kukitazama. Halafu mvua ikakataa kukoma.

Jumamosi moja alasiri, vilima vyote vikiwa vimemezwa na wingu, Munyiva alikuwa akiezeka nyasi juu ya kitalu chake alipoona jiko la Kasyoka liko wazi na moto umezimika. Panga halikuwepo. Karai pia. Alikimbia kuteremka mtoni, akianguka na kuinuka.

Kasyoka alikuwa ameinama kwenye tope, akikata kabichi na kuzitupa ndani ya karai. Kutoka juu ya mto ulisikika mngurumo.

"Mwaitu, toka!"

"Ngoja hizi mbili tu!"

Munyiva hakungoja. Alimshika mkono, akamvuta kwa nguvu ambazo hakuwahi kuzitumia kwa mtu mzima, wakapanda ukingo kwa magoti. Maji yalifika ya rangi ya udongo, yakibingirisha miti mizima. Walipogeuka, hapakuwa na shamba.

"Karai langu," Kasyoka alisema, meno yakigongana.

Munyiva alimkumbatia, akashindwa kujua kama yeye mwenyewe analia au anacheka.

Mboga za juu pia ziliteseka. Baadhi ya miche ilikuwa ya manjano kwa maji mengi. Kesho yake, baada ya ibada, Kasyoka alitokea na jembe bila kuitwa.

"Mtaro wako umeuchimba vibaya. Maji yatasimama kwa mizizi."

Wakachimba pamoja mpaka giza likaingia, na usiku huo walikula kutoka sufuria moja. Barabara zilipokatika na sokoni pakakosa mboga, sukuma wiki chache zilizopona ziliwalisha wao na jirani yao Katunge.

Mto uliporudi kuwa mchanga, Kasyoka alishuka kulima palepale. Munyiva alibaki juu. Lakini kila wingu lilipotanda upande wa vilima vya Iveti, aliacha kazi yake, akatoka hadi ukingo wa shamba, na kumwita mama mkwe wake mpaka aitikie.