Mutobe ya Victorine

Vita ilipobafukuza Mulekera, kule Beni, Kanyere alifika Butembo na godoro moja na bwana yake Mathe, mwenye alikuwa anachechemea. Kidole ya muguu ilikuwa na kidonda yenye ilikataa kupona. Muganga wa Kimemi, mutaa yenye balipanga, akamupima: ugonjwa ya sukari. Basi Kanyere akatosha sukari mu chai. Kidonda ikazidi kunuka.

Juu ya nini? Juu ya Victorine, dada ya Mathe, kilemba kubwa, akili ya kuku. Kila siku ya Mungu, akitoka ku misa, alikuwa analeta bido, mutungi ya plastiki, ya mutobe, maji ya ndizi ya kuiva, yenye haiyachacha. Eti ni ndizi tupu, hakuna sukari hata kijiko, itamurudishia kaka nguvu. Na Mathe alikuwa anakunywa kama ngombe.

Muganga aliposikia ile, akashika kichwa.

"Mama, ndizi ikiiva, ule utamu ni nini? Ni sukari ile ile. Mukiendelea, ule muguu tutaikata."

Kanyere alichoka, hata machozi hapana. Kukimbia vita ilikuwa kazi ndogo. Kukataa mutobe ya mulamu, dada ya bwana, ile njo kazi yenyewe. Kwetu, mwenye kuleta kinywaji anaonja kwanza, mujue hakuna sumu. Akisha kuonja na wewe ukatae, umemuita mulozi, muchawi. Na ile miaka, mwanamuke akiitwa mulozi, batu balikuwa banamuchomea nyumba.

Alijaribu kumuelezea. Victorine akacheka, akasema baganga ba siku hizi banaogopa hata matunda ya Mungu.

Siku ya Mungu akakuya tena, akaonja, akajaza kopo, akamunyoshea Mathe. Kanyere akaikamata njiani, akakunywa yote.

"Mulamu, ongeza. Leo mimi njo niko na kiu."

"Unakunywa ya mugonjwa?"

"Nakunywa."

Alikunywa mpaka bido ikaisha, tumbo ikakaza kama ngoma. Mathe akapewa maji, akanuna. Ikawa vile kila juma. Victorine akatangaza Kimemi yote: mulafi, anamuibia bwana yake. Kanyere akifika ku maji, bamama banamupisha mbali. Kanyere alijaza bidon yake, akarudi.

Mwisho Victorine akachoka kuleta. Kidonda ikafunga, polepole. Lakini Mathe, mpaka leo, anaambiaka bageni kama ni mutobe ya dada yake njo ilimuponesha.

Kanyere anasikia. Anaosha sufuria yake.