Besi ya Breki

Nilipostaafu ualimu, watu walinishauri mambo mengi ya heshima: nifuge kuku, nijenge vyumba vya kupangisha, niingie kamati ya kanisa. Kuku nilifuga, wakafa. Vyumba nilijenga, vikapata wapangaji wenye midomo. Kamati ya kanisa niliikwepa mpaka wakachoka kuniita. Jambo nililolitaka kwa moyo wangu wote sikumwambia mtu, maana mwanamke wa umri wangu akilitamka, watu wanaanza kumwangalia kwa huruma. Nilitaka muziki mkubwa kwenye gari.

Sizungumzii redio ya kusikilizia taarifa ya habari. Nilitaka besi, ile inayokugonga mgongoni, gari likipita mtaani vikombe vinacheza kabatini. Nilikuwa na kigari cha mtumba, kimechoka lakini kizima, na nilikuwa na nyimbo za dansi za kutosha. Kilichobaki ni fundi.

Fundi nilimpata mtaa wa Viwanja Sitini, hapa Ifakara. Banda lake lilikuwa na bango lenye picha ya spika na maneno makubwa: MUZIKI WA MAGARI KITAALAMU. Alikuwa kijana wa kama miaka thelathini, kofia kaigeuza nyuma, miwani ya jua kaiweka juu ya kofia ambako jua halimpigi.

"Shikamoo, mwalimu," akasema. Mimi sikuwahi kumfundisha, lakini Ifakara ukishakuwa mwalimu unakuwa wa kila mtu.

"Marahaba. Nataka besi."

"Gari la kijana wako?"

"La kwangu."

"Na besi?"

"Ya kwangu."

Akatabasamu kama mtu aliyeombwa na bibi yake viatu vya kisigino kirefu. Nikamwachia gari, kesho yake jioni nikalifuata. Akaketi kwenye kiti cha dereva, akawasha wimbo, na bati la banda likaanza kutikisika. Nilisimama pale nikatamani kucheza. Nikajizuia kwa sababu ya wateja wa muuza chipsi wa jirani.

Nikaondoka na gari langu. Mita chache tu, besi ikapotea. Magitaa yakabaki yanalialia kama redio ya mkononi. Nikafika kwenye tuta, nikakanyaga breki, na besi ikarudi kwa kishindo nikaruka kitini. Nikavuka tuta, ikapotea. Bodaboda ikanikatizia, nikashika breki, besi hiyo. Mpaka nafika nyumbani nilikuwa nimeelewa: nimenunua muziki unaopiga pale gari linapotaka kusimama tu. Kumbe na vioo vya nyuma vilikuwa havishuki tena, na milango ya nyuma haifunguki kwa ndani.

Mama yangu naishi naye. Ni mzee wa kijiji cha Mofu, amelima mpunga maisha yake yote na hana subira na kitu kisichofanya kazi. Nilipompeleka sokoni tulivuka matuta mawili, kisha akasema, "Mwanangu, gari lako lina kwikwi."

Nikarudi kwa fundi. Hakufungua hata boneti. "Spika mpya, mwalimu, ni kama viatu vipya. Zinahitaji kuzoea."

Nikampa muda wa kuzoeza viatu vyake. Havikuzoea. Jumamosi moja nilikuwa nampeleka mama kwa mdogo wake wa kike, kijiji cha Mbingu, na njiani nikapitia bandani. Fundi akaketi tena kwenye kiti cha dereva, akawasha, bati likatikisika.

"Sioni tatizo, mwalimu."

"Tatizo linaonekana gari likitembea."

"Basi tutembee kidogo."

"Panda," nikamwambia, nikamfungulia mlango wa nyuma.

Yeye alidhani tunazunguka mtaa. Na mimi nilidhani hivyo hivyo mpaka tulipofika kwenye njia ya kukata kurudi. Hapo mguu wangu ukakataa. Nikanyoosha.

"Mwalimu, tumepitiliza."

"Nasikiliza," nikasema. "Huwezi kuijua besi kwa mtaa mmoja."

Mji ukaisha, lami ikaisha, mashamba yakaanza. Nikamsikia anavuta kitasa cha mlango pole pole, kwa adabu. Hakikufunguka. Akabonyeza kioo. Hakikushuka. Nikamwona kwenye kioo cha juu anavua ile miwani.

Mama, aliyekuwa mbele, akageuka. "Mjukuu wangu, umeoa?"

"Bado, bibi."

"Kwa nini?"

Akaeleza habari za maisha magumu. Mama hakuzikubali. Akamuuliza analala wapi, nani anampikia, kanisani anaonekana lini. Kwenye kila shimo nilipokanyaga breki, besi ilimkata fundi jibu katikati, na mama akamrudishia swali upya. Nilimhurumia kiasi, lakini si kiasi cha kugeuza gari.

Mbele yetu wakatokea ng'ombe. Kundi zima lilikuwa limejaa barabarani, likienda bila haraka, na Msukuma mmoja mwenye fimbo akilifuata kwa nyuma. Nikashika breki. Besi ikafyatuka. Ng'ombe wa nyuma wakatupa mikia juu na kuwapanda wenzao mgongoni.

Mchungaji akaja dirishani kwangu. Alikuwa mpole. "Mama, naomba uzime hiyo. Hawa hawajazoea."

Nikasahau kabisa kwamba redio ina kitufe, nikaachia breki ili besi izime. Ikazima, na gari likaanza kuserereka kuelekea kwenye matako ya ng'ombe. Nikashika breki. Besi. Nikaachia. Ng'ombe. Mchungaji alinitazama kama mtu anayejiuliza ni ugonjwa gani huu.

"Vuta breki ya mkono, mwalimu," sauti ikasema kutoka nyuma. Nikavuta, nikaachia pedali. Besi ikazima.

"Umeiona kwikwi?" mama akamuuliza fundi.

"Nimeiona, bibi."

Ningeweza kumrudisha pale pale, maana nilikuwa nimeshinda. Lakini Mbingu ilikuwa karibu kuliko Ifakara, nikaendelea. Barabara ikachafuka zaidi, gari likawa linarushwa huku na huku, na ghafla nikanusa plastiki inayoungua. Moshi ukaanza kupenya kwenye dashibodi, mwembamba kwanza, halafu mweusi.

Nilisimamisha gari na kuzima. Nikamfungulia mama, nikamshika mkono, nikamsogeza mpaka kwenye majani kando ya barabara. Ndipo nikasikia kiganja kinapiga kioo. Nilikuwa nimemsahau. Uso wake ulikuwa umebandikwa kwenye kile kioo chake kisichoshuka, na hakuwa fundi wa kitu chochote wakati ule, alikuwa mtoto wa mtu. Nikakimbia, nikamfungulia.

Hakunilaumu wala hakukimbia. Alifungua boneti, akaomba kitenge cha mama, akakizungushia mkononi na kuung'oa waya mnene kwenye betri. Moshi ukapungua, ukaisha. Akakaa chini barabarani.

"Huu waya nimeupitisha kwenye tundu la bati la gari bila mpira wa kuukinga," akasema. "Bati limeukata. Na fyuzi sikuweka."

"Na besi?"

Akakitazama kiti cha dereva. "Amplifaya inayokuza besi inahitaji waya wa kuiamsha. Nilikuwa natafuta waya wenye umeme. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, naona nilikanyaga breki bila kujua. Nikapima mmoja, una umeme, nikafurahi nikauunga, kumbe ni wa taa za breki. Na kila nikijaribu bandani, mguu uko pale pale." Akajifuta jasho. "Mwalimu, mimi nimefunga muziki wa bajaji tu. Gari lako ndilo la kwanza."

Bajaji haina milango, nikawaza. Maskini, milango yangu aliifungua aweke spika, akaikuta imejaa vitu.

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungeniachia?"

"Nisingekuachia."

Mama alikuwa anakikagua kitenge chake. Akasema kimeungua pembeni, na kwamba wote wawili tuna akili za kuku.

Gari liliwaka bila ule waya, tukafika kwa mama mdogo taratibu, bila muziki. Baada ya kula ugali na samaki, fundi akatandika mkeka chini ya gari na kulifumua lote. Alikwenda dukani kwa wauza vipuri vya pikipiki akarudi na fyuzi. Akakata mpira wa baiskeli akavisha kila tundu. Alipokwama kwenye mlango alikwama kweli, akakaa anautazama, akapiga simu kwa mtu aliyemwita mkubwa, akaelekezwa huku anaitikia "ndiyo, ndiyo". Kumbe skrubu za spika ndizo zilizobana kioo, na kile kidude cha kuzuia watoto wasifungue mlango alikuwa amekisukuma kwa bisibisi. Hakuna aliyemcheka isipokuwa mama na mama mdogo, waliokuwa wameketi kwenye viti wakimwangalia kama sinema.

Jua lilipopoa tukaanza kurudi. Nikaweka wimbo wa dansi, nikapandisha sauti. Besi ilikuwepo barabarani, ilikuwepo kwenye kona, ilikuwepo hata nilipoachia breki. Iligonga mgongoni nilipoitaka. Mama alisinzia kabla hatujafika mbali, kichwa kikitikisika kwa mdundo. Fundi nyuma aliteremsha kioo, akakipandisha, akakiteremsha tena.

Tulipoingia mjini akaniomba jambo, kwa adabu, akiinama katikati ya viti.

"Mwalimu, pale bandani pita taratibu. Na sauti iwe hivyo hivyo. Wateja wasikie."

Muuza chipsi aliacha kukoroga mafuta akatutazama. Nilipita taratibu, nikazunguka mtaa, nikapita tena.