Ng'ombe wa Asteria

Asteria, fundi cherehani wa Ngokolo, amecheza gemu la Panga la Radi tangu akiwa msichana. Mwanzoni shujaa wake aliua mazimwi tu. Kisha gemu likaanza kuzaa magemu mengine: shujaa akashindana kwa magari, akafungua mgahawa, akacheza hata netiboli, na Asteria akamfuata kote.

Lililotoka juzi ni la kuchunga ng'ombe. Baba yake, Mzee Mageni, mfugaji wa Samuye, alipokuja kumsalimia, Asteria akamwonyesha kundi lake kwenye runinga kwa majivuno.

"Wanakunywa wapi maji?" mzee akauliza.

"Hawanywi, baba."

"Ndiyo maana wamekonda. Hebu nipe hicho kidude."

Akawaswaga hadi mtoni, akakaa kusubiri wanywe. Gari la kumrudisha Samuye likaondoka bila yeye.