Kidinga Pepo Nyuma ya Bafu

Utotoni mwangu pale Magongo nilifuga samaki wasiokuwa samaki. Nilikuwa na miaka tisa. Leo ni mke wa mtu huku Kisauni, na mdogo wangu amefikia umri wa kuniuliza mbona sitaki kuona ndoo ya maji iko wazi uani. Nimechoka kumjibu "basi tu."

Mwaka ule mamangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili zilizotangulia zilikuwa zimeharibika, kwa hiyo hii ilitunzwa nyumbani kwetu kama yai. Babangu, mpakiaji wa mizigo bandarini, mtu wa sauti kubwa na hatua nzito, alianza kutembea ndani ya nyumba kwa ncha za vidole. Kisha akamleta Hawe kutoka Kaloleni. Hawe ndivyo sisi Wagiriama tunavyomwita nyanya. Wangu alikuwa mama wa babangu, mwanamke mfupi mcheshi, aliyekwenda kanisani kila Jumapili na bado akawajua mapepo kwa majina kama mtu anavyowajua majirani zake.

Alifika na masharti mengi kuliko mizigo. Mamangu asikae kizingitini, mtoto atakwama njiani. Asile mayai, mtoto atatoka kipara. Mamangu aliitikia yote kwa heshima, na Jumapili Hawe alipokwenda ibada akakaanga mayai matatu, moja akanipa mimi ili nisiseme.

Lakini lilikuwepo sharti moja ambalo Hawe hakulifanyia mzaha hata kidogo.

"Maji yasiyofunikwa hulaliwa na pepo," aliniambia, akinishika bega. "Pepo huyu apenda wenye mimba. Wewe ndiwe mlinzi wa maji ya nyumba hii. Pipa, ndoo, mtungi, hata kopo. Wasikia?"

"Abee, Hawe. Yuaja usiku?"

"Usiku waja wezi tu. Huyu yuaja mchana kweupe, asubuhi na alasiri, watu wakijiona salama."

"Ana sura gani?"

"Mdogo. Waweza kumwona usijue kama umemwona."

Nilijivunia cheo changu. Mtaani kwetu mfereji ulitoa maji mara mbili kwa juma, basi kila nyumba ilikuwa na mapipa yake, na mimi yetu niliyafunika na kuyafunua kama askari wa lango. Chombo kimoja tu sikukihesabu. Nyuma ya bafu, chini ya dirisha la chumba cha mamangu, palikuwa na debe kuukuu la rangi lililojaa maji ya mvua, na ndani yake niligundua viumbe vyembamba vyeusi vilivyoning'inia vichwa chini na kucheza viuno nikiligonga debe. Nikaamua ni watoto wa samaki. Nikawapa majina, nikawa nawapelekea chembe za ugali nikitoka shule. Nilipanga siku mtoto atakapozaliwa nimwonyeshe mamangu samaki wakubwa, afurahi. Hawe alipopita kukagua, nililifunika debe kwa gunia. Akishapita, nililifunua, wasije wakakosa hewa.

Jambo moja tu lilinitatiza: kila siku walipungua. Nilimshuku paka wa Mama Halima.

Mama Halima alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili, mwenye roho safi na maneno mengi. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kugundua kwamba mamangu hayuko sawa. Alimkuta amelala alasiri, macho mekundu, mwili wa moto. Mamangu alisema kichwa kinamuuma nyuma ya macho, na mifupa ni kama kuna mtu anaitwanga kinuni. Babangu alikuwa kazini. Mama Halima alikimbia kwake, akarudi na vidonge viganjani.

"Meza viwili, dada. Wallahi mgongo wangu ulipona siku hiyo hiyo."

Hawe alimfumba kiganja chake polepole, vidonge vikiwa ndani. "Ahsante, mwanangu, Mungu akulipe. Lakini mwenye mimba hamezi dawa asiyoandikiwa."

Kisha akamtazama mamangu kwa muda, akamgusa paji la uso, akamkunja kiwiko, naye mamangu akaguta kwa maumivu. Hawe akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtambua adui wa zamani: "Kidinga pepo."

Nilisikia neno moja tu: Pepo! Na mlinzi alikuwa mimi. Nilisimama pale mlangoni, nikapiga hesabu ya vyombo vyote vya nyumba, na hesabu ikaishia nyuma ya bafu. Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua. Lakini mamangu alikuwa ameshikilia tumbo lake kwa mikono miwili, na mimi nilimpenda kuliko samaki wote.

"Hawe," nikasema, "pepo ni wangu."

Hakuelewa. Nikamshika mkono, nikampeleka. Alilivuta gunia, akainama juu ya debe, na mbu mmoja mdogo mwenye miguu ya mabaka meupe akaruka mbele ya pua yake. Hawe akatazama ndani kwa muda mrefu.

"Hawa ni nini?"

"Ni samaki. Wakubwa nafikiri wameliwa na paka."

"Na wawapa chakula?"

"Ugali."

Niliona midomo yake ikicheza. Hata katika saa ile ngumu, Hawe nusura acheke. Akalipindua debe kwa mguu, maji yakatawanyika kwenye mchanga wa moto, na ukoo wangu wote ukakauka mbele yangu. Nikalia. Akanifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Umesema kweli mapema. Hilo latosha. Sasa vaa viatu, twampeleka mamako hospitali."

Nilishangaa. Nilitarajia mganga na ngoma. "Hatumpungi pepo?"

"Huyu hapungwi," alisema, tayari akifunga kanga kiunoni. "Nilipokuwa msichana alipita kijijini kwetu. Mke wa kakangu alikuwa mjamzito kama mamako. Wakampungia siku tatu. Tukazika wawili."

Mama Halima aliita tuktuk, na njia nzima akamwomba dereva akwepe mashimo, naye dereva maskini akakwepa hata vivuli.

Hospitalini muuguzi mmoja mwembamba alimpima mamangu, akauliza amemeza dawa gani tangu homa ianze. "Hajameza kitu," Hawe akajibu. Muuguzi akashusha pumzi. Alitueleza kwamba dawa nyingine za maumivu humfanya mwenye homa hii atoke damu, kwa sababu homa yenyewe hupunguza chembe zinazoigandisha damu. Mjamzito akitoka damu, au uchungu ukimshika kabla ya wakati, wanaokuwa hatarini ni wawili.

"Ni homa gani hiyo?" Hawe akauliza, ingawa alishajua.

"Tunaishuku dengi, nyanya, ndiyo hiyo kidinga pepo. Vipimo vitatuambia. Huletwa na mbu anayeuma mchana."

"Mbu?" Hawe akatikisa kichwa. "Basi siku hizi pepo amepata usafiri."

Muuguzi akacheka, na ile ndiyo mara ya kwanza siku hiyo nilipoamini kwamba huenda mamangu atapona.

Vipimo vilithibitisha. Alilazwa siku sita. Siku ya nne homa ilishuka, babangu akataka kumrudisha nyumbani, lakini daktari akakataa: sasa ndiyo saa ya kumwangalia zaidi. Na kweli, asubuhi ile ile mamangu alitema mate yenye damu ya fizi. Babangu alikaa kwenye benchi la nje na kofia yake ya kazi magotini, akiikunja na kuikunjua. Wauguzi walimpa mamangu maji kwa mpira wa mshipani, wakasikiliza moyo wa mtoto mara kwa mara, wakahesabu zile chembe za damu yake. Siku ya sita zikapanda.

Wakati huo Hawe alikuwa na kazi nyingine. Juma lililotangulia maofisa wa afya walikuwa wamepita mtaani na kipaza sauti wakihimiza watu wamwage maji yaliyotuama. Watu waliitikia kwa adabu, wakaendelea na shughuli zao. Hawe akapita nyumba kwa nyumba, nikiwa nyuma yake, akimwambia kila mwenye nyumba kwa sauti ya kunong'ona kwamba kidinga pepo ameingia Magongo na amelala katika chombo fulani uani mwake. Kabla ya magharibi hapakuwa na debe, tairi wala kifuu chenye maji mtaa mzima. Hata wenzetu wa bara, waliokuwa wakizicheka habari za pwani, walimwaga kwanza, wakacheka baadaye.

Mdogo wangu alizaliwa miezi miwili baadaye, mzito, mwenye nywele tele licha ya yale mayai. Akapewa jina la Hawe, Sidi.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilikaribia kumuua mdogo wangu, na mamangu pia. Nilipokuwa mtu mzima nilimweleza daktari, akaniambia mbu yule angeweza kutoka katika uwanja wowote, mtaa mzima ulikuwa na maji. Nilishukuru, lakini sehemu yangu ya lawama nimebaki nayo. Hunifanya niwe mwepesi wa kusema kosa langu kungali mapema.

Hawe aliniuliza mwenyewe, miaka yake ya mwisho, tukichambua mchicha Kaloleni. "Wewe umesoma. Yule alikuwa pepo au mbu?"

Sikutaka kumvunjia heshima, wala kumdanganya. "Alikuwa mbu, Hawe."

Akaendelea kuchambua. Kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Nilijua," akasema. "Lakini mbu, nani angemwogopa?"

Mpaka leo sina hakika kama alijua kweli au alijitetea tu. Nimeacha kujiuliza. Mke wa kakake hakupata mtu wa kumwogopea kiasi cha kumkimbiza hospitali, mamangu alimpata. Nikimsikia Sidi akiimba jikoni kwangu, sauti ikipotea njia kila ubeti wa pili, naona Hawe alichagua neno lililofaa.