Mtani Asiyechekesha

Kabla sijamwiga mtu, nampima. Nampima kwa futi kweli, ile ya kitambaa. Mimi ni fundi cherehani, Magomeni, hapa Mtwara, na nimepima mabega ya watu kwa miaka mingi mpaka nikaridhika kwamba hakuna mwenye mawili yanayolingana. Aliyekulia kubeba ndoo kichwani ana shingo yake, anayeshinda juu ya bodaboda ana mgongo wake. Wengi hawajui walivyopinda. Fundi anajua, kwa sababu nguo haikai.

Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea: kitabu cha huduma ya kwanza chenye michoro ya mifupa, na kingine cha wauguzi nilichokipata sokoni kikiwa hakina jalada. Katika daftari la vipimo, ukurasa wa kushoto niliandika urefu wa mkono na mzunguko wa kiuno. Ukurasa wa kulia niliandika yale ambayo mteja hakuniomba: hukaa kwa kutanguliza mkono, akikosa jibu hulamba jino la juu, hucheka wenzake wakishamaliza. Alfajiri, kabla ya kufungua duka, nilijifunza kuyafanya mbele ya kioo cha wateja, moja baada ya jingine, mpaka mwili wangu ukayazoea.

Ukoo wetu ni wa Kimakua, uliovuka Ruvuma ukitokea Msumbiji enzi za babu, na una watani wake katika vijiji vya Nanyamba. Akifariki mtu wao, sisi huenda kuwafanyia utani. Mtani huvaa kofia ya marehemu, huigiza alivyokuwa akidai chai, hulala kwenye mkeka wake na kukataa kuamka. Hata maneno makali husemwa, na wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Huko ndiko nilikoanza kujulikana, na huko ndiko nilikoanza kupewa majina nisiyoyataka. Vijana wanaorekodi vichekesho kwa simu walinifuata dukani wakataka niwe mzee wao wa kuanguka kwenye tope. Afisa mmoja aliyekuwa akiorodhesha wasanii alinipa fomu yenye mistari: mwanamuziki, mchoraji, mchongaji, mwigizaji, mchekeshaji.

"Mzee wangu, weka tiki hapo kwenye mchekeshaji, tumalize," alisema.

"Mimi sichekeshi."

"Si watu wanacheka?"

"Wanacheka kwa sababu hawajaigwa wao."

"Basi weka kwenye mengineyo."

Nilimrudishia fomu tupu, na nilijivunia jambo hilo kwa muda mrefu. Hoja yangu niliiona imenyooka. Mtani hukuza mambo, ndiyo maana anasamehewa. Mwigizaji husema uongo, na waliokaa mbele yake wanajua. Mimi nilimtoa mtu jinsi alivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Kazi hiyo haikuwa na jina kwenye fomu, na sikuona sababu ya kuitafutia.

Niliwahi kumwiga mke wangu anavyoonja mchuzi. Watoto walicheka hadi wakakaa chini. Yeye alitazama mpaka mwisho, akasema, "Kumbe ndivyo ninavyoonekana." Tangu siku hiyo huonja mchuzi akiwa amenipa mgongo. Hilo nalo niliandika, ukurasa wa kulia.

Sasa nieleze habari za mzee wa Nanyamba. Alikuwa mkulima wa korosho, mtani wetu, na alikuja dukani mara tatu kwa ajili ya kanzu moja: kupimwa, kujaribu, kurekebisha. Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka kwa kubeba mashine ya kupulizia mikorosho salfa, hivyo upande mmoja nilikata tofauti na mwingine. Mara ya pili, akiwa amekaa kwenye kigoda, simu yake ililia. Aliitoa, akasoma jina, akaigeuza kifudifudi juu ya paja, akaweka kiganja juu yake. Ililia mpaka ikanyamaza. Kisha akapangusa paja kama mtu anayeondoa majani makavu.

"Binti yangu wa Dar," alisema. "Fundi, hapa kwenye mkono punguza kidogo."

Alipotoka, niliandika.

Alifariki msimu wa korosho ulipoanza, mabibo yakiwa yameanza kudondoka. Alizikwa siku ileile baada ya sala ya alasiri, kama ilivyo kwa Waislamu. Binti alifika kesho yake asubuhi, akakuta udongo umeshakauka juu. Mimi nilifika siku ya tatu pamoja na ndugu zangu wawili. Kabla sijavua viatu, mdogo wake marehemu alinivuta nyuma ya jiko.

"Mtani, sikiliza. Yule mtoto hajalala tangu aje. Alimwacha mume ambaye kaka alimchagulia, miaka sita hajakanyaga hapa. Sasa anauliza kila mtu kama baba yake alimtaja. Tumemwambia alimtaja."

"Alimtaja?"

"Wewe mtani au hakimu? Mchekeshe. Fanya kaka anavyofukuza mbuzi, fanya anavyosinzia kwenye hotuba ya Ijumaa. Acheke, alale. Umenielewa?"

Nilimwambia nimeelewa.

Nikavaa kofia ya marehemu. Nikashusha bega la kulia, nikaburuta kisigino, nikatoka kona ya nyumba nikimtukana mbuzi ambaye hayupo. Wanawake kwenye majamvi walipiga kelele.

"Haya, kaburi limemkataa!"

"Hata chini wamemchoka! Arudi alikotoka!"

"Mpeni muhogo. Huyu hajawahi kukataa muhogo hata akiwa mgonjwa!"

"Muhogo wangu umeula wewe, mchawi mkubwa," nilijibu kwa sauti ya mzee, na bibi aliyesema hilo alijifunika kanga usoni akicheka na kulia kwa pamoja. Nikasinzia kama niko msikitini. Nikaamka kwenye aamin. Binti alikuwa amekaa kizingitini, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, macho yamevimba. Aliziba mdomo kwa mkono, mabega yakatikisika, na nilipotazama vizuri nikaona anacheka. Baba yake mdogo alinitikisia kichwa kutoka upande wa wanaume. Alimaanisha inatosha, ishia hapo.

Ilikuwa inatosha. Nililijua hilo nikiwa nimesimama palepale, si baadaye. Lakini niliwatazama wakicheka nikaona wanacheka kama wanavyomcheka ndugu yangu, ambaye huingiza mto tumboni na kuanguka ovyo. Mbuzi na muhogo angeweza kuvifanya yeye. Nilikuwa na kitu ambacho hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa nacho kuhusu mzee yule, na mtu pekee ambaye angekitambua alikuwa amekaa kizingitini.

Nikavuta kigoda, nikakaa kwa namna yake. Nikatoa simu yangu mfukoni kama iliyolia. Nikasoma jina. Nikaigeuza kifudifudi juu ya paja, nikaweka kiganja. Nikasubiri muda uleule, mrefu, mpaka kicheko kikaisha chenyewe. Nikapangusa paja. Nikasema kwa sauti yake, "Hapa kwenye mkono punguza kidogo."

Hakuna aliyecheka. Wengi hawakuelewa wameona nini.

Binti aliinuka. "Hiyo ilikuwa simu ya nani?"

"Mwanangu, ni utani tu huo," baba yake mdogo alisema haraka. "Huyu anabuni."

"Sibuni," nilisema.

"Ilikuwa ya kwangu?"

"Ndiyo, dada. Alisema ni binti yake wa Dar."

Nilidhani atalia. Badala yake alikuja mbele, akachuchumaa karibu na kigoda kama mtu anayetazama fundi akitengeneza kitu. "Rudia," alisema. Nikarudia. "Tena." Nikarudia tena. Ninakiri kwamba sijawahi kutazamwa vile, wala kabla wala baadaye. Alifuata kila kitu: jicho kwenye jina, kifundo cha mkono kikigeuka. Mara ya tatu aliweka kidole karibu na mkono wangu bila kuugusa.

"Alikuwa anabonyeza hivi? Au alikuwa ameulaza tu?"

Nilitazama mkono wangu juu ya simu.

"Kwa sababu mtu akitaka kelele inyamaze, anabonyeza," alisema taratibu. "Akitaka kushika kitu, analaza mkono. Wewe ulimwona. Baba alikuwa anabonyeza?"

Sikujua. Niliukumbuka mkono, niliukumbuka muda, hata bangili ya shaba aliyovaa kwa ajili ya maumivu ya viungo. Uzito sikuukumbuka. Lakini nilikuwa nimeshabonyeza mara tatu mbele ya wafiwa wote, na nilikuwa nimetamka mwenyewe kwamba sibuni.

"Alibonyeza," nilisema.

Alitikisa kichwa kama mteja aliyeambiwa kitambaa hakitoshi. "Ahsante, fundi." Hakuniita mtani. Aliingia ndani, akatoka na begi lake, akawaaga wanawake mmoja mmoja kwa kuwashika mikono. Wakamshika kanga, wakamwambia hitima ni jioni, angoje hitima ya baba yake. Hakungoja. Alienda kusimama barabarani kusubiri gari la Mtwara, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Baba yake mdogo alinivua ile kofia kichwani kwa mkono wake. "Toka," alisema.

"Mtani hafukuzwi msibani," ndugu yangu alijaribu kusema, akidhani bado tuko kwenye utani.

"Najua. Kwa hiyo huyu si mtani. Mtani ana mpaka. Toka hapa kwangu, na siku yangu ikifika usije."

Nilikuwa nimetumia nusu ya maisha kuwaeleza watu kwamba mimi si mtani, si mchekeshaji, si mwigizaji. Yeye ndiye wa kwanza kukubali.

Nyumbani nilifungua daftari kabla ya kunywa maji. Nilikuwa nimeandika: kiganja juu ya simu mpaka iliponyamaza, halafu hupangusa paja. Basi. Nilikaa mbele ya kioo nikafanya kwa kubonyeza, nikafanya kwa kulaza, mara nyingi. Namna zote mbili zinakaa sawasawa kwenye mwili wa mzee yule. Niliyoionyesha Nanyamba niliichagua bila kujua nimechagua, na niliichagua kwa sababu mimi simu nisiyoitaka huibonyeza.

Ningekuwa mwigizaji, binti yule angejua anatazama uongo. Ningekuwa mtani, ningeishia kwenye mbuzi. Kila jina nililolikataa lilikuwa na sheria ndani yake ya kumlinda aliyekaa mbele yako, na mimi nilizitupa zote nikabaki na daftari.

Namba ya simu ya binti naweza kuipata. Mmoja wa wale wanawake wa msibani ni mteja wangu, huja kushonesha sare za watoto, na ameshaniambia kwamba binti hapigi tena nyumbani, hata kwa baba yake mdogo. Neno la kumwambia ni moja tu: sikumbuki. Lakini nikimwambia hivyo nitakuwa nimekiri kwamba mkono aliouona ulikuwa wangu. Yule mama alikuja tena juzi. Nilimpimia mtoto sare, nikaandika ukurasa wa kushoto, nikamwambia aje Alhamisi. Namba sikumwomba.