Oguttu na Kichina cha Vigingi

Kaka yangu Oguttu wa Lunyo alijifunza Kichina kwa sababu ya mke. Asikudanganye mtu kwamba alipenda elimu. Mkewe, Akongo, alikuwa amechukuliwa na baba yake, Mzee Odoi, akarudishwa kwao kaskazini ya Tororo mpaka mume apate kazi ya kueleweka. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpikia kaka siku zile, kwa hiyo najua alivyoumia.

Mwaka 1967 walikuja Wachina kupima mabonde ya kulima mpunga, na Oguttu akapata kibarua cha kubeba vigingi. Mkubwa wao, Bwana Lin, alikuwa na Kiswahili cha kuombea maji tu, na mkalimani aliyeletwa alichoshwa na mbu akarudi Kampala. Bwana Lin akatangaza kwamba atakayeshika maneno ya pande nne atakuwa nyapara. Oguttu akaona mke wake huyo anarudi.

Walifundishwa wakati wa chakula, kando ya sufuria ya posho. Dong ni jua linakotoka, xi linakozama. Nan ni ziwani. Bei, nayo si ile ya sokoni, ni upande wa mwamba wa Tororo. Hilo la mwamba alijiongezea Oguttu mwenyewe, maana kwetu Lunyo anga likiwa safi unauona mwamba, na hakuna anayetafuta kaskazini kwingine. Bwana Lin alikwenda mbali zaidi: ukifuata bei bila kusimama utafika beiji, ncha ya kaskazini ya dunia, ukifuata nan utafika nanji, ncha ya kusini, na kote huko ni barafu tupu.

"Sasa watu ya huko nakula nini?" aliuliza Okiror, mbeba vigingi mwenzake.

Oguttu aliyakariri maneno hayo nyumbani hadi yakatuchosha. Unyapara akapewa.

Kisha kazi ikahamia ng'ambo ya Tororo, na mwamba ukawa kusini yao. Kaka hakulifikiria hilo hata kidogo. Asubuhi moja Bwana Lin, akiwa upande wa pili wa bonde, aliita, "Bei!" Oguttu akawaongoza wenzake kuelekea mwamba, nyundo mkononi, wakapigilia vigingi katikati ya shamba la ulezi. Lilikuwa shamba la Mzee Odoi. Mkwe haingii shamba la baba mkwe bila kuitwa, sembuse na nyundo.

"Mkwe," mzee alisema taratibu, "hii ndiyo kazi ulipata?"

Bwana Lin alivuka tope, akamwekea Oguttu dira mkononi. "Beiji," akasema. Sindano ilielekea upande usio na mwamba. Oguttu akageuka, akautazama mwamba, akaelewa. Aliona aibu mno. Aling'oa vigingi mwenyewe na kuinua mashina ya ulezi yaliyolala. Palepale unyapara ukaenda kwa Okiror, mzaliwa wa huko.

Akongo, aliyeyaona yote kutoka mlangoni, alimletea mumewe maji ya kunawa. Oguttu akamwambia asijisumbue: cheo kimekwenda, alifuata mwamba kama mjinga.

"Hata mimi," Akongo alisema. "Kila asubuhi natoka hapa naangalia mwamba. Nasema, kwetu Lunyo iko nyuma yake."

 Mzee Odoi akamwita mkewe, akamwambia amfungie Akongo unga wa safari ya Lunyo.