Mfarishi Ulionizidi Shibiri Tatu

Nikisikia harufu ya salfa, miguu yangu hupata baridi. Najua pua na miguu havina uhusiano wa namna hiyo, na mwalimu wetu wa baiolojia angenisimamisha mbele ya darasa ili wote walijue hilo, lakini ndivyo ilivyo. Newala mwezi wa sita hunuka salfa. Wakulima huipulizia mikorosho alfajiri, majani yakiwa bado na umande, na ukungu huikamata ile harufu isipae, kwa hiyo inaingia jikoni, inaingia kwenye uji, inaingia kwenye nywele mpaka unaota kwamba wewe ni mkorosho. Baridi nayo hupanda kutoka bonde la Ruvuma bila kupiga hodi. Ukimwambia mtu wa pwani kwamba huku juu asubuhi watu wanatoa moshi mdomoni kama wamekula makaa, anakuona muongo. Sina haja ya kubishana naye. Aje mwezi wa sita na shati lake la mikono mifupi.

Nilikuwa na miaka minane nilipopelekwa huko kwa Bibi, mama yake mama yangu. Mimi na Mama tulikuwa tukiishi Masasi, chini kwenye joto, katika chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga. Niliambiwa ni likizo tu, wiki nne, nile korosho nirudi. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, maana mwezi wa sita mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua. Halafu, kabla Mjomba hajanipandisha basi, Mama akaninunulia soda nzima ya peke yangu, akasimama pale stendi akingoja niimalize, bila kuniharakisha. Mama hanunui soda bila sababu. Niliinywa, ndiyo, mimi si mjinga, lakini niliinywa huku nikimwangalia usoni, na yeye alikuwa akiangalia matairi. Nilipofika Newala nikafungua begi nikakuta sare za shule, zote mbili, zimepigwa pasi. Sasa sare za shule likizoni ni za nini?

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu," akasema Bibi. "Umechelewa. Mume wetu amenichosha miaka arobaini, wewe unakuja ameshakufa."

Babu alikuwa amefariki kabla sijazaliwa, kwa hiyo tulikuwa wake wawili wa kaburi moja, na Bibi aliliona jambo hilo linachekesha sana. Aliniita mke mwenzangu mbele ya watu wote, hata mbele ya mchungaji. Alikuwa mwembamba, mrefu, na mikono yake ilikuwa haijui kukaa. Usichana wake aliukulia misheni Lulindi, ambako masista walimfundisha kushona mfarishi, yaani lile blanketi la viraka, nene, la tabaka tatu. Akaolewa Newala, akakuta baridi, akaona kumbe masista walikuwa wamemtayarisha kwa jambo fulani bila kumwambia. Mwaka huo alikuwa ameanza mfarishi mpya. Alikuwa amevua kamba za kitanda cha zamani, akabaki na fremu ya mbao zake nne, na humo barazani ndimo alimoitandaza kazi. Chini bitana ya marekani, juu viraka vya vitenge, na katikati sufi aliyoihifadhi kwenye gunia tangu mwaka uliopita.

Sufi, kama hujawahi kuishughulikia, ina tabia za mwanafunzi mtoro. Usipoibana inakimbilia pembeni. Ndiyo maana kwanza unapiga bandi, ule ushonaji wa mikato mirefu wa kushikilia tu, kisha unarudi na uzi imara kwa mistari ya karibu karibu, na mwisho kabisa unakunja kingo na kupiga pindo. Pindo likishapigwa, mfarishi umekwisha na mtu anaweza kuulalia. Vitenge vilitoka kwa jirani yetu, Mama Zuhura, fundi wa cherehani sokoni, aliyekuja kila alasiri na mfuko wa makombo ya nguo za wateja na habari za wateja wenyewe. Kupitia kwake nilijua kiraka cha njano ni cha bibi harusi aliyenenepa kabla ya siku yake na cha kijani ni cha shemasi aliyekataa kulipia mkono wa pili wa kanzu. Nilikuwa nimepewa kazi ya kutia uzi kwenye sindano, kwa sababu macho yangu yalikuwa mapya, na kwa sababu ukimpa mtoto sindano hawezi kukimbia nayo.

Siku moja Mama Zuhura akanyoosha kitambaa chote, akakitazama, akamtazama Bibi.

"Mama Agnesi, mbona unakata kama unamtandikia askari?" Agnesi ni mama yangu.

"Watoto wanakua," Bibi akasema.

"Huyu wa wiki nne?"

Bibi akaendelea kupiga bandi. Mama Zuhura akabana sindano mdomoni, akanyamaza. Mama Zuhura kunyamaza ni habari ya kupeleka kituo cha polisi. Nikaendelea kutia uzi kama mtu asiye na masikio.

Kila mtoto wa nchi hii anajua maana ya nguo iliyokatwa na nafasi. Sweta linalofika magotini darasa la kwanza linakuambia kwamba utalivaa mpaka darasa la nne, utake usitake. Kwa hiyo kesho yake, Bibi alipokwenda bombani na ndoo, nilipanda kwenye ule mfarishi ndani ya fremu yake na kujinyoosha, kichwa kwenye ukingo wa juu, visigino vimekazwa. Kisha nikapima kwa mkono kutoka visiginoni hadi ukingo wa chini. Shibiri tatu. Nilirudia kupima, nikiitanua shibiri ili iongezeke na idadi ipungue, jambo ambalo sasa naona ni hesabu mbovu. Zilikuwa tatu. Hakuna mtoto anayerefuka shibiri tatu kwa wiki nne. Walikuwa wamenidanganya. Nilikuwa nimeletwa nikae, na siku mfarishi huo utakapopigwa pindo ndiyo siku ambayo ningekuwa mtu wa Newala.

Baada ya hapo nilishuku kila kitu. Bibi akiniwekea kiazi kikubwa kwenye majivu, nilikila nikijua ni rushwa. Akinifunga kanga yake mgongoni asubuhi, nikawaza, ananizoesha. Na kibaya zaidi, nilishuku hata mandhari. Kulikuwa na asubuhi ambazo Bibi alinishika mkono tukaenda hadi ukingoni ambako nchi inakatika ghafla, na bonde lote chini lilikuwa limejaa ukungu, mweupe, umetulia kama maziwa kwenye bakuli. Jua lilipochomoza likaupaka rangi ya embe bivu, na vilele vya vilima vikawa vinatokeza kimoja kimoja kama watoto wanaochungulia kutoka ndani ya blanketi. Maua madogo ya mikorosho yalikuwa na matone ya umande, kila ua na tone lake. Tuliporudi tulikaa jikoni tumekumbatia vikombe vya uji, moshi ukitutoa machozi, na nje hakuna aliyekuwa na haraka, kwa sababu baridi humfanya kila mtu atembee kama amebeba mayai. Nilikuwa sijawahi kuona siku nzuri namna ile. Masasi jua linakuja juu limekasirika. Nikajiambia, Stela, angalia, hata ukungu umo kwenye njama.

Basi nikaanza kazi yangu. Bibi alikuwa akishona hadi adhuhuri, kisha anakwenda bombani, na foleni ya maji haikuwa fupi. Muda huo wote mimi nilikuwa nafumua. Sikukata ovyo, nilichomoa uzi polepole kwa ncha ya mwiba, mstari mmoja au miwili kwa siku, nikauviringisha na kuutupa chooni. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: shule zinafunguliwa wiki ya pili ya mwezi wa saba, na kama mfarishi haujakwisha, hawana mahali pa kunilaza. Asubuhi Bibi alikaa, akashona palepale nilipofumua, akaendelea kidogo. Nami nikafumua. Ikaenda hivyo siku sita. Siku ya saba sufi ilipata upenyo, ikakimbilia kona moja yote, na mfarishi ukaota kitambi.

Mama Zuhura alipouona akasema ni panya.

"Panya," Bibi akakubali, akiingiza mkono kusukuma sufi irudi. "Lakini panya wa mwaka huu wamesoma. Wanafumua kwa mstari." Akanyoosha mkono kwangu bila kuniangalia. "Mke mwenzangu, nitilie uzi."

Nikatia uzi. Tundu la sindano lilikataa kukaa mahali pamoja. Bibi alingoja, hakuniharakisha, na kungoja kwake kulinikumbusha Mama pale stendi. Nilipompa sindano nikauliza, "Bibi, mimi narudi lini Masasi?" Akapiga mikato mitatu kabla ya kujibu. Akasema, "Mama yako anakuja Jumamosi. Hilo swali ni la kwake, mimi simsemei mtu maneno yake."

Mama akaja Jumamosi, na bahasha ya kaki mkononi, mfarishi ukiwa umebakiza pindo tu. Alinisalimia, akanibeba ingawa nilikuwa mzito, kisha akaketi kwenye kizingiti cha baraza na kunieleza kila kitu kwa haraka, kama anayetapika dawa. Alikuwa amerudia mtihani wa kidato cha nne kwa siri, amefaulu, amepata chuo cha ualimu. Miaka miwili. Chuoni hawakai na watoto. Ndani ya bahasha mlikuwa na barua yangu ya uhamisho wa shule. Alikuwa hajaniambia kwa sababu aliogopa nikilia angeghairi.

"Miaka miwili tu, Stela," alisema. "Nikimaliza nakuja kukuchukua."

Halafu macho yake yakaenda kwenye fremu. Mama naye alikuwa amekulia nyumba ile, amelala chini ya mifarishi ya mama yake utoto wake wote, kwa hiyo hakuhitaji kupima. Alinyanyuka, akashika ukingo wa chini, akauvuta mpaka kwangu, akaniangalia mimi, akaangalia kitambaa kilichobaki.

"Mama, huu ni wa miaka mingapi?"

"Nguo ya mtoto hukatwa na nafasi."

"Nilikuambia miwili."

"Uliniambia," Bibi akasema. "Uliniambia pia unakwenda Masasi kumaliza shule. Ukarudi na tumbo."

Tumbo lenyewe lilikuwa mimi, nimekaa pale kizingitini nikisikiliza. Sikuchukia. Nilichokuwa nafikiria ni kwamba wiki tatu nzima nilikuwa nimemshuku mtu asiyehusika. Bibi hakuwa kwenye njama ya kunizuia nisirudi kwa Mama. Bibi alikuwa anamshuku Mama kuliko mimi nilivyomshuku yeye, na shibiri zile tatu ndizo zilizokuwa zikisema alichoshindwa kukisema mdomoni: kwamba mtoto huyu huenda asifuatwe.

Mama hakulia wala hakugomba. Aliomba sindano. Akaniomba nitie uzi, tena uwe mara mbili. Kisha akaikunja ile ziada, shibiri zote tatu, kwa upande wa chini, akaanza kuipiga pindo, mikato midogo iliyobanana kama meno ya kitana. Alishona alasiri yote. Bibi alichukua sindano nyingine, akaanza kingo za pembeni, na wakawa wanakaribiana mkato kwa mkato. Mama Zuhura alifika na mfuko wake, akawaona, akaweka mfuko chini akaondoka zake. Jua lilipoanza kuzama wakakutana kwenye kona. Mama akafunga fundo, akakata uzi kwa meno.

"Pindo hili asilifumue mtu," alisema.

"Na akirefuka?"

"Miaka miwili harefuki hivyo."

"Hewa ya huku inarefusha," Bibi akasema, akainuka kwenda kuinjika ugali.

Mama alirudi. Haikuwa miaka miwili kamili, ilikuwa miwili na miezi mitano, na Bibi aliitaja ile mitano kwa sauti, mmoja mmoja. Lakini alirudi, akanichukua, na leo anafundisha shule ya msingi upande wa Masasi ambako wanafunzi wake wanamwogopa kuliko mtihani. Mimi niko kidato cha tatu, nimerudishwa Newala tena, safari hii shule ya bweni, na mwezi wa sita ukungu unaingia bwenini bila ruhusa ya matroni. Wenzangu wana yale mablanketi ya dukani yenye picha ya simba, mepesi, ya manyoya, na wanaucheka mfarishi wangu mpaka saa kumi alfajiri, saa ambayo wawili watatu huja kuniomba wajisogeze. Siku hizi watu wazima hawanifichi chochote. Mama ananiambia yote, hata yale ambayo ningependa kutoambiwa, na nimegundua kwamba ukweli wote nao unanyima usingizi. Ukungu nimeacha kuushuku. Naamka kabla ya kengele kwenda kuutazama, na nikiulizwa nasema nakwenda kupiga mswaki.

Tatizo ni moja. Bibi alisema kweli kuhusu hewa. Nimerefuka, mfarishi haujarefuka, na miguu yangu inalala nje. Shibiri tatu zimo humo ndani, zimekunjwa, nikijikunja nazigusa kwa vidole vya miguu. Likizo iliyopita nilimwambia Mama mambo yako wazi, amemaliza, amerudi, amenichukua, kila mtu ameona, sasa anipe mkasi nilifumue lile pindo nilale kama binadamu. Alikuwa anasahihisha madaftari. Hakuinua kichwa.

"Bibi yako hajasema bado kwamba alikosea," alisema. "Vaa soksi."